Kutembea Barabara ya Samora, Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaotuuliza maswali haya si watalii. Ni wakazi wa Dar waliopita Samora miaka nenda rudi, wakiwahi kazini, benki au gari la kurudi nyumbani, na siku moja wakainua macho juu ya mabango ya maduka, wakaona mwaka umechorwa ukutani au roshani ya chuma inayoning'inia. Tumewajibu wao kwanza. Mgeni naye atapata anachohitaji humu.

Samora inaanzia wapi na kuishia wapi?

Upande wa magharibi upo Mnara wa Saa, pale inapokutana na barabara za Uhuru na Nkrumah, si mbali na stesheni ya reli ya zamani. Kutoka hapo inakwenda sambamba na bandari, inapishana na Morogoro Road, Zanaki na Mkwepu, inafika kwenye mzunguko wa Sanamu ya Askari penye Azikiwe na Maktaba, kisha inavuka Pamba na Ohio hadi kwenye Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa. Yote ni kama kilomita moja na nusu. Mwenye haraka huimaliza kwa dakika ishirini. Ukitaka kuiona, tenga saa mbili na nusu au tatu.

Nianzie upande upi?

Anzia mashariki, Bustani ya Mimea, uelekee Mnara wa Saa. Sababu ya kwanza ni jua: asubuhi linakuwa mgongoni na mbele yako kuta zimeangaziwa vizuri. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Ukianzia mashariki unatoka kwenye miti na majumba ya serikali, unaingia kwenye ofisi na benki, halafu maduka yanaanza kubanana hadi watu wanagusana mabega. Mabadiliko hayo yalipangwa na watawala, na swali la tano hapa chini linaeleza jinsi walivyofanya.

Barabara hii iliwahi kuitwa nini?

Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani barabara iliyo chini ya miti ya jamii ya migunga. Waingereza walipouchukua mji Septemba 1916 waliibakiza miti kwenye jina, ikawa Acacia Avenue. Baada ya Desemba 1961 ikawa Independence Avenue, Barabara ya Uhuru kwa maana, ingawa mtaa mwingine ndio unaoitwa Uhuru leo. Mwishowe ikapewa jina la Samora Machel. Wazee wa mjini bado wanaweza kukuelekeza kwa jina la Independence, na si kwamba wamechanganyikiwa.

Kwa nini mtaa mkuu wa Dar ukapewa jina la rais wa Msumbiji?

Kwa sababu sehemu kubwa ya safari ya Msumbiji kuelekea uhuru ilipita hapa hapa. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, chini ya Eduardo Mondlane. Samora, aliyekuwa muuguzi Lourenço Marques (Maputo ya leo), alitoroka nchini kwake akaja Tanganyika kujiunga nayo. Ofisi ya chama hicho ilikuwa Mtaa wa Nkrumah, mwendo mfupi tu kutoka Mnara wa Saa, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake mjini humu tangu 1963. Mondlane aliuawa Dar kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu, Februari 1969. Samora akashika uongozi, Msumbiji ikajikomboa 1975, naye akafa katika ajali ya ndege Oktoba 1986.

Tazama basi majina ya mitaa iliyo karibu: Azikiwe, Nkrumah, Lumumba, Luthuli. Kijana aliyezaliwa Dar anayataja kila siku anapompa bodaboda maelekezo. Tunapotembea na wanafunzi tunawaomba waseme mmojammoja kila jina ni la nani na alifanya nini. Mara nyingi Lumumba wanamjua. Kwa Luthuli kimya kinatanda, na hapo ndipo tunakaa kidogo: Albert Luthuli, kiongozi wa ANC ya Afrika Kusini, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960.

Ni kweli mji uligawanywa kwa rangi za watu?

Ni kweli, na Samora ni mahali pazuri pa kuliona hilo kwa macho.

Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji wake hapa mwaka 1862, kando ya kijiji cha Mzizima. Alifariki 1870, na mrithi wake, Barghash, hakuutilia maanani. Wajerumani walifika 1887, na 1891 wakayahamishia makao makuu ya koloni hapa kutoka Bagamoyo. Mwaka huohuo wakatoa kanuni ya ujenzi iliyoukata mji vipande. Mashariki yaliruhusiwa majengo ya namna ya Ulaya tu. Katikati yaliruhusiwa majengo imara ya mawe. Magharibi ndiko nyumba za udongo na makuti zilikoruhusiwa.

Angalia ujanja wake. Kanuni haikuhitaji kutaja Mzungu, Mhindi wala Mwafrika. Ilitaja vifaa vya ujenzi, na kila mtu akaangukia mahali pake kwa uzito wa mfuko wake. Ndivyo zilivyozaliwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waingereza waliendelea na mgawanyo huohuo wa kanda tatu, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo.

Samora inaanzia Uzunguni na kumalizikia Uhindini. Haifiki Uswahilini, inakomea kabla ya mpaka. Ndiyo maana upande wa bustani barabara ina pumzi, nyumba zimekaa mbalimbali zikiwa na nyua na miti mikubwa, na upande wa Mnara wa Saa kila futi ya ardhi imejengwa. Mpaka wa sheria ulifutika zamani. Wa mawe na zege bado upo, na miguu yako itauhisi.

Bustani ya Mimea ina nini cha kuona?

Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kujaribu mazao na miti ya kibiashara. Haikuwa ya kupumzikia. Ilikuwa shamba la majaribio la koloni, mahali pa kupima kipi kitaota na kipi kitaleta fedha. Ilikuwa kubwa kuliko ilivyo sasa. Iliyobaki bado ina minazi ya Shelisheli, ile yenye mbegu kubwa kuliko mbegu zote duniani, na miti mingine ambayo mtu wa mjini hapati nafasi ya kuiona popote karibu. Nenda mapema, kaa kwenye kivuli, soma vibao vya majina ya miti vilivyobaki.

Pembeni yake upo Ukumbi wa Karimjee, zawadi ya familia ya wafanyabiashara ya Karimjee Jivanjee. Humo ndimo Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilimokutana, na baadaye Bunge. Wakazi wa Dar wanaujua zaidi kwa majonzi: viwanja vyake ndipo viongozi na watu mashuhuri wengi wanapoagwa kabla ya kuzikwa.

Makumbusho ya Taifa yaingizwe kwenye matembezi?

Ushauri wetu: usiyachanganye na Samora siku moja. Yalifunguliwa 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, na ndani yake kuna fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, kuna ukumbusho wa waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani Agosti 7, 1998, na mengine mengi. Ukiingia kwa nusu saa utatoka hujatosheka, na jua litakuwa limeshapanda. Rudi siku nyingine uyape haki yake.

Ile Sanamu ya Askari ni ya nani?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote.

Sanamu ni ya shaba nyeusi, ilizinduliwa 1927, kazi ya mchongaji wa Kiingereza James Alexander Stevenson. Ni ukumbusho wa Waafrika waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Askari ameinama mbele kidogo, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Si mtu fulani mwenye jina. Ni askari yeyote. Maandishi ya kwenye msingi yalitungwa na Rudyard Kipling, na yamewekwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Zunguka pande zote. Kando ya msingi kuna picha za kuchongwa, na usiondoke bila kumwona mpagazi.

Nairobi na Mombasa nako kuna sanamu za ukumbusho wa vita hiyohiyo, za mchongaji huyohuyo. Msomaji wa Kenya anayepita Kenyatta Avenue atawakumbuka wale watatu wanaosimama pamoja. Wa Dar yuko peke yake.

Ili uielewe sanamu hii inabidi ujue iliyoitangulia mjini. Wajerumani walikuwa wamemsimamishia sanamu Hermann von Wissmann, gavana wao aliyevunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri. Katika sanamu ile Wissmann alisimama juu kabisa, na chini ya miguu yake askari wa Kiafrika akimtazama, akifunika bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyelala. Waingereza waliing'oa wakaipeleka London kama nyara ya vita. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, ikasimikwa mbele ya chuo kikuu cha Hamburg, hadi wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968.

Kwa hiyo katika sanamu ya kwanza Mwafrika yuko chini akimwangalia bwana wake, na katika ya pili yuko juu peke yake. Wapo wanaoona hayo ni maendeleo. Sisi tunasema ni hatua, ila tukumbuke bado aliyelipia, aliyechonga na aliyeandika ni mtawala, na maneno yake yanamsifu askari kwa kumfia mfalme asiyewahi kumwona. Na kumbuka tena kuwa upande wa pili wa vita ile, katika jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwemo askari wa Kiafrika maelfu. Wasukuma, Wanyamwezi, Wamanyema na wengine walipigana pande zote mbili, katika ardhi yao wenyewe, kwa ugomvi wa watu wengine. Sanamu haiwataji wa upande wa pili.

Mbona hakuna majina ya waliokufa?

Kwa sababu waliojenga hawakuona haja ya kuyaandika. Makaburi na kumbukumbu za wanajeshi wa Ulaya za vita ileile zina jina, cheo na tarehe. Waafrika walipewa sanamu moja ya wote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba Waafrika na Waasia wengi hawakukumbukwa sawa na wenzao, ikaomba radhi.

Waliopotea zaidi ni wapagazi, wale ambao maandishi ya sanamu yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Walibeba risasi, unga na majeruhi kutoka pwani hadi Ruvuma na ng'ambo yake. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu. Kambi yao hapa Dar ndiyo iliyoliachia jina lake eneo la Kariakoo. Tukifika kwenye sanamu tunawauliza watembeaji kama kuna aliyesikia kwao kwamba babu wa babu "alikwenda vitani akiwa mpagazi". Daima yupo anayekumbuka jambo. Kama ni wewe, liandike leo, pamoja na jina la kijiji.

Yale majengo ya ghorofa mbili tatu yenye roshani ni ya nani na ya lini?

Sasa umefika mahali tunapopapenda kuliko pengine pote, kuanzia Mkwepu hadi Mnara wa Saa.

Mengi yalijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya India kati ya vita mbili kuu na miaka michache baadaye. Mpango wao ni mmoja: duka chini, familia juu, ua nyuma. Mwenye duka alishuka ngazi akafungua mlango wa kazi, na jioni akapanda. Roshani ilikuwa sebule ya jioni: hapo ndipo waliponywea chai, waliposubiri upepo wa bahari, waliposalimiana na jirani wa ng'ambo ya barabara. Chini yake mpita njia alipata kivuli bila kulipa senti. Mhandisi wa leo anayejenga ukuta wa kioo unaomwangushia mtembea kwa miguu joto la jua angejifunza kitu kwa fundi yule wa mwaka 1935.

Tazama kona. Majengo mengi yamepewa kona ya mviringo au iliyokatwa, ili duka lionekane kutoka mitaa miwili. Tazama mistari iliyolala inayozunguka ukuta mzima juu na chini ya madirisha. Mtindo huo ulitamba Bombay miaka ya 1930, na meli zilizoleta vitambaa zilileta na michoro. Sasa inua macho hadi ukingo wa juu kabisa wa ukuta. Hapo ndipo mwenye jengo alipoandika jina la familia, au la mke, au la biashara, na mwaka. Baadhi yamefunikwa na rangi, mengine na mabango ya simu. Ukipata linalosomeka, lipige picha.

Usisahau mikono. Mwenye jengo jina lake liko juu, na fundi aliyechanganya zege, aliyesuka nondo, aliyechonga milango, jina lake haliko popote. Miongoni mwao walikuwemo Waafrika na mafundi wa Kihindi waliofanya kazi bega kwa bega, na jioni wengi wa Waafrika hao walirudi Kariakoo na Ilala kulala.

Nani anayamiliki sasa?

Mengi yako mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa, NHC. Aprili 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Jengo lililokuwa limezidi miaka kumi mwenyewe hakulipwa fidia. Yote yalikabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na NHC.

Ni habari yenye pande mbili na hatupendi kuifupisha. Kwa serikali ya Mwalimu Nyerere, kuishi kwa kodi ya nyumba ilikuwa ni kuvuna jasho la mwingine, na mji mkuu ulikuwa umeshikwa na wachache. Kwa familia zilizoweka akiba ya vizazi viwili kwenye jengo moja, ilikuwa ni kuamka asubuhi ukiwa mpangaji kwenye chumba ulichozaliwa. Wengi walihama, hasa kwenda Uingereza na Kanada. Waliobaki walilipa kodi kwa Msajili na maisha yakaendelea. Ukimkuta mzee wa dukani mwenye nafasi ya kuzungumza, msikilize kwa adabu, na usimsukume kueleza asichotaka.

Kwa nini majengo ya zamani yanabomolewa? Hakuna sheria ya kuyalinda?

Sheria ipo, ila ina shimo ambalo Dar es Salaam nzima inaangukia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalitambua moja kwa moja kuwa la kale jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Kilwa, Bagamoyo na Kaole zinanufaika. Sasa hesabu mwenyewe: Majid ameanza kujenga 1862. Hata Old Boma ya Sokoine Drive, jengo kongwe kuliko yote yaliyosimama mjini, ni la 1866 na 1867. Kwa hiyo karibu kila jengo la Dar linahitaji kutangazwa lenyewe kwenye Gazeti la Serikali ndipo lilindwe. Lisilotangazwa halina mtetezi.

Kwa upande wa pili kuna bei ya ardhi. Kuanzia miaka ya 1990 NHC iliingia ubia na wawekezaji binafsi: jengo la ghorofa mbili linaondoka, linapanda la ghorofa kumi na zaidi. Mwenye ardhi anapata mapato, mji unapata ofisi. Hatusemi kila kuta nne zenye umri zibaki. Tunachosema ni kwamba uamuzi hufanyika bila mtu hata kulipima na kulipiga picha jengo linaloondoka, na hilo halina gharama yoyote ya kutisha. Kuhamia kwa wizara Dodoma tangu 2016 kumeacha maswali yaleyale kwa majumba ya Kijerumani ya upande wa mashariki: jengo lisilo na mtumiaji huanza kuvuja, na linalovuja huitwa gofu.

Mfano uko njiani. Jengo la Salamander lilijulikana na vizazi kwa mkahawa wake. Watu walipeana miadi hapo. Leo mahali pake pana mnara unaoitwa Salamander Tower. Jina limeachwa, baraza halipo.

Na haya majengo marefu ya zege?

Usiyapite kwa dharau. Miaka ya mwisho ya ukoloni na ya mwanzo ya Uhuru wasanifu waliofanya kazi hapa walijua kujenga kwa ajili ya joto: vibao vya zege vya kukinga jua, matofali ya matundu ya kupitisha upepo, korido za nje. Mmoja wao ni Anthony Almeida, aliyesomea India akafanya kazi Dar kwa miongo mingi. Beda Amuli, Mtanzania, akafuata na Soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975. Hilo liko nje ya njia yetu, lakini ukilijua utayatazama majengo ya Samora kwa jicho jingine. Extelecoms House, kwa mfano, ina jina linalotoka enzi ambazo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na huduma za pamoja za simu za nje, kabla Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki haijavunjika 1977.

Mnara wa Saa una historia gani?

Fupi. Ulisimamishwa 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kupandishwa hadhi kuwa jiji. Ni mahali pazuri pa kumalizia kwa sababu magari yapo.

Twende siku gani, saa ngapi?

Jumapili, saa 1:00 asubuhi. Barabara iko tupu, unaweza kusimama katikati ukatazama juu bila kupigiwa honi, na saa 3:30 umemaliza kabla jua halijawa kali. Kasoro yake ni kwamba maduka yamefungwa na watu hawapo, na Samora bila watu ni nusu yake tu. Ndiyo maana tunashauri urudi tena siku ya kazi, jioni, uone wauza vitabu vya mitumba, wauza kahawa na wapiga viatu rangi. Masika, kati ya Machi na Mei, chukua mwavuli na uepuke kuvaa ndala, maana mitaro hufurika.

Naruhusiwa kupiga picha?

Mtaa na majengo ya kawaida, ndiyo. Usipige picha Ikulu, askari, vituo vya polisi, wala milango ya benki. Mlinzi akikukataza, shusha kamera, msalimie, mweleze unapiga picha ya roshani ya juu. Mara nyingi ataruhusu, na pengine atakuonyesha nyingine bora. Watu waombwe kwanza. Mama anayeuza karanga si sehemu ya mandhari.

Ni salama?

Mchana ndiyo, kwa tahadhari za mjini. Simu isiwe mkononi ukiwa ukingoni mwa barabara, maana wapo wakwapuaji wa pikipiki. Mkoba uvaliwe upande wa ndani, mbali na magari. Baada ya jua kuzama, upande wa bustani huwa mtupu. Usiupite peke yako.

Nitafikaje?

Panda mwendokasi wa kuelekea Kivukoni, shuka Posta ya Zamani, kisha kata kuelekea Samora. Kutoka hapo ni kutembea hadi bustani. Gari binafsi siku za kazi ni mateso ya maegesho; liache nyumbani.

Watoto, wazee na wenye kiti cha magurudumu wanaweza?

Watoto wa miaka minane na zaidi wanaweza, mkiwapa kazi: wahesabu roshani, au watafute miaka iliyoandikwa kutani. Wazee wagawe njia mara mbili, na kituo chao kiwe kwenye Sanamu ya Askari. Kwa kiti cha magurudumu hatutakudanganya: njia za miguu zimevunjika mahali pengi, mifuniko ya mitaro haipo au imeinuka, na magari huegeshwa juu yake. Kipande kati ya Ohio na Askari, Jumapili asubuhi, mkipita barabarani penyewe na msaidizi, kinawezekana. Jiji linapaswa kulirekebisha hili.

Nikitaka kuendelea zaidi ya Samora?

Shuka Sokoine Drive. Old Boma imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na ndani yake kipo kituo cha urithi wa usanifu cha Dar, DARCH, chenye maonyesho kuhusu ukuaji wa mji. Karibu yake lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na mbele kidogo Kanisa la Kilutheri la Azania Front, yote mawili yaliyoanza kujengwa miaka ya mwisho ya karne ya 19. New Africa Hotel imesimama ilipokuwa Kaiserhof ya Wajerumani.

Familia yetu ina picha za zamani za Samora. Tuzifanyie nini?

Kwanza msizitupe, hata zilizopauka. Picha ya harusi iliyopigwa barazani mwaka 1958 huwa na ukuta nyuma ya bibi harusi, na ukuta huo pengine ndio ushahidi pekee wa jengo ambalo leo halipo. Ombi hili ni kwa wenzetu walioko Leicester, Toronto na Muscat kama lilivyo kwa wa Upanga na Ilala.

Ikagueni kila picha mbele na nyuma. Nyuma andikeni kwa penseli, si kalamu ya wino: nani yumo, mtaa, mwaka au hata mwongo wa miaka, na nani aliyeipiga kama anajulikana. Bango la duka likionekana, liandikeni lilivyo, hata tahajia ikiwa ya ajabu. Pigeni nakala kwa simu mchana, mbali na jua la moja kwa moja, picha ikiwa imelala bapa. Kisha pelekeni nakala Makumbusho ya Taifa au DARCH, na asili mbaki nayo nyumbani, kwenye bahasha ya karatasi na si mfuko wa plastiki, maana unyevu wa Dar hushikisha picha kwenye plastiki na hazibanduki tena.